Mnunuzi wa Bujumbura na Barabara Yetu

Alivaa saa mbili. Ya mkono wa kushoto ilifuata majira ya kwao Burundi, ya kulia ilifuata majira yetu, na kati ya hizo mbili kulikuwa na tofauti ya saa moja kamili ambayo alitutesa nayo miaka mingi. Ukimwambia mtaonana saa nne, anakuuliza, "Saa nne ya mkono gani?" Ukicheka, yeye hacheki. Anangoja umjibu. Kitale nzima, kuanzia wapakiaji mpaka mama wa chai pale nje ya stoo yangu, hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Mnunuzi. Wanunuzi walikuwa wengi, wa Nairobi, wa Kisumu, wa Juba, lakini ukisema Mnunuzi amefika, kila mtu alijua ni yule wa saa mbili, na wapakiaji walianza kupanga magunia vizuri hata kabla hajashuka kwenye gari.

Mimi ni mtu wa mahindi. Mtu yeyote kati ya Kitale na Bungoma anayeuza mahindi na hanijui, basi huyo ameanza biashara jana. Nilitoka Malakisi nikiwa nimeishia darasa la sita, baba akiwa na vishamba vyake vya tumbaku ambavyo havikutosha hata kutununulia viatu. Nikaja Kitale kusukuma mkokoteni. Leo nina malori manne, stoo mjini, na stoo nyingine kule Moi's Bridge yenye mashine ya kukausha ambayo watu wenye digrii zao huja kuipiga picha. Sikushikwa mkono na mtu. Nasema hivyo kila siku na nitaendelea kusema. Ila nikiwa peke yangu, nikizunguka hiyo stoo kama kuku anayetafuta pa kutagia, huwa najua kuna mtu mmoja ambaye bila yeye singetoka kwenye kusafirisha magunia ya watu wengine. Stoo ya Moi's Bridge niliijenga kwa sababu ya mahindi yanayokwenda nchi yake. Ilipoanza kuonekana kama nchi yake haitayataka tena, nilikosa amani ambayo sijawahi kuikosa hata nilipokuwa sina kitu. Asiye na kitu hulala. Mwenye stoo ndiye anayekesha.

Siku ya kwanza kumwona hakuwa ananunua. Alikuwa ameinama katikati ya barabara pale Misikhu, tunapoelekea Webuye, anaokota mawe. Mnajua tabia ya madereva wetu. Lori likiharibika, dereva anakata matawi na kupanga mawe nyuma yake ili wanaokuja wajue. Lori likipona, anawasha na kwenda zake, mawe yanabaki palepale yakingoja mtu mwingine. Dereva wangu alipiga honi mpaka nikashuka mwenyewe, tayari kwa matusi.

"Wee mzee, unataka kufa? Toka barabarani!"

Hakuinua kichwa. "Nisaidie hilo kubwa."

"Ati nikusaidie? Kwani umeandikwa kazi na serikali?"

"Chumvi ya kwetu inapita hapa," akasema. "Lori la chumvi likigonga jiwe hili, kuna mama Bujumbura atapika bila chumvi."

"Kwani wewe ni wa wapi?"

"Burundi."

"Sasa hii si barabara yako, bana. Hii ni ya Kenya."

Hapo ndipo aliponyooka, akajipangusa mikono kwenye suruali, suruali nzuri ya kitambaa iliyopigwa pasi mpaka ikakata. "Wewe, barabara hii ikikatika, utapita wapi?"

Nikamwambia nitapita Kimilili, au nitazunguka Eldoret, au nitakaa nyumbani.

"Umeona? Wewe una njia mbili na una nyumbani. Mimi nina hii. Sasa ni ya nani zaidi?"

Nikaliinua lile jiwe kubwa.

Nimewahi kusikia watu wakijisifia ukubwa wa nchi zao. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akijisifia udogo wa yake. Alisema nchi yake unaweza kunywa chai upande mmoja na kula chakula cha mchana upande wa pili, na bado ukapata wakati wa kugombana na mtu katikati. Haina bahari. Mafuta ya taa, mabati, saruji, chumvi, sindano ya hospitali, kila kitu lazima kivuke udongo wa mtu mwingine kwanza. Kwa hivyo watu wake, alisema, wanajifunza kuishi kama mpangaji mwenye akili: anamjua mwenye nyumba, anamjua mke wa mwenye nyumba, na paa likivuja anapanda yeye. "Nyinyi wenye bandari mnadhani ushirikiano ni mkutano wa hoteli," aliniambia. "Kwetu ushirikiano ni ugali. Ukikosekana wiki moja tunajua."

Na kweli aliwajua watu. Kutoka Kitale mpaka kwao anapita Uganda na Rwanda, na kote huko alijua karani gani ana mtoto mgonjwa, fundi gani wa matairi ni mwizi, daraja lipi linapumua. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu ambamo aliandika mashimo. Mashimo ya barabara, ndiyo. "Kanduyi, baada ya kona, upande wa kushoto, linaingia mbuzi." Kila alipopita Bungoma alikwenda ofisi ya mambo ya barabara akalisoma lile daftari mbele ya karani, pole pole, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Makarani walimkimbia. Mmoja alimwambia, "Mzee, wewe si mpiga kura hapa." Akamjibu, "Ndiyo maana nasema ukweli." Sitasema kila shimo lilizibwa. Lile la mbuzi lilizibwa, nililiona kwa macho yangu.

Kuna siku foleni ya malori ya kuingia Malaba ilirudi nyuma kilomita nyingi. Karatasi ya forodha ilikuwa imebadilishwa upande mmoja na upande wa pili haujaarifiwa, kwa hivyo kila dereva aliyefika mbele alirudishwa, naye hakuwa na pa kugeuzia. Mimi nilikuwa na lori la vitunguu vya mlimani, vya Elgon, na vitunguu havingoji serikali mbili zipatane. Niliwapigia simu watu wakubwa ninaowajua. Wakubwa hawakushika. Mnunuzi, aliyekuwa nami ingawa hakuwa na mzigo wowote humo, alishuka akaanza kutembea lori kwa lori akiuliza kila dereva: umebeba nini, kitaoza lini, karatasi gani imekataliwa. Akaandika. Kisha akawaita maajenti wa forodha wa Kenya na wa Uganda, watu ambao walikuwa wakitukanana tangu asubuhi, akawaketisha kwenye kibanda kimoja cha chai na kuagiza chai ya wote.

"Mimi ni mgeni wenu nyote," akawaambia. "Nchi yangu ni ndogo, haiwezi kumkasirikia mtu. Basi nisaidieni jambo dogo. Hawa kumi na saba wamebeba vitu vinavyooza. Wengine wamebeba mbao na vyuma, chuma hakiozi. Kwa nini chuma kiko mbele ya nyanya?"

Ajenti mmoja wa Kenya, mama mwenye sauti kama kengele ya shule, akasema, "Sasa mzee, si hilo hata mtoto anaweza kupanga?"

"Panga basi, mama. Mimi nakunywa chai."

Alasiri ile vitunguu vyangu vilivuka. Ile karatasi yenyewe ilichukua siku nyingine kupatanishwa, lakini vinavyooza vilitangulia. Nilipomshukuru alikasirika. Akasema hakuna alichonifanyia mimi. Wakigombana wakubwa, alisema, kwao chumvi inapanda, na yeye alikuwa akiitetea chumvi yake.

Usidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyeishi kwa barabara alitapika barabarani. Gari likianza tu kupanda na kushuka, anageuka kijivu, anatoa limau mfukoni na kulinusa mpaka Webuye. Alichukia safari kama mtoto anavyochukia dawa, na bado hakuweza kukaa mahali pamoja. Chai alikunywa akitembea. Mke wangu, Mama Nafula, alimwekea kiti kila msimu kwa zaidi ya miaka kumi na sidhani aliwahi kukijaza. "Shemeji, kaa basi, unanizungushia kichwa," anamwambia. Anakaa, anasema ahsante, anasimama. Alituletea dagaa wa ziwa la kwao, wao wanawaita ndagala, mfuko mzima, kisha anakataa kuwala kwa sababu anawala kwao kila siku na amewachoka.

Na alikuwa mwongo wa biashara, mwongo hodari. Yule yule aliyeniambia Misikhu kwamba hana barabara nyingine, siku ya kununua ghafla alikuwa nayo. Anaingia stoo, anaweka mikono nyuma, anatazama mahindi yangu kama mtu anayetazama maiti ya jirani, anapumua. "Bwana Kitale," ndivyo alivyoniita, "kusini huko mahindi ni makavu kuliko haya. Nikipitia Tanzania nafika nyumbani bila kuvuka mipaka mingi."

"Nenda basi kusini, mzee."

"Nitaenda."

"Nenda."

"Ninakwenda. Gunia la pembeni pale, lifungue."

Kila msimu hivyo. Kusini kuko tayari, kusini kunamwita, kusini kuna watu wenye adabu. Nilimzoea kama unavyozoea mbwa wa jirani anayebweka bila kuuma. Nilipomuuliza siku moja kwa nini anapenda sana kunitisha, akasema nyumba yenye mlango mmoja ni jela, na nchi ndogo lazima kila mara ionekane imeshika kitasa cha mlango wa pili, hata kama kitasa chenyewe hakina mlango.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa kupakia. Huku kwetu lori ni kama tumbo la mgeni, kila mara kuna nafasi ya kijiko kimoja. Yeye alikataa. Uzito wa sheria ukifika, anainua mkono, na hakuna gunia linalopanda tena. Dereva wangu Wafula alimbembeleza: "Mzee, hii loli inabeba! Mimi naijua hii loli!"

"Lori linabeba. Barabara haibebi."

"Si wengine wote wanazidisha?"

"Wengine wote wana barabara ya kuharibu."

Pale Webuye kwenye mizani ya malori, wenzetu walikuwa wakiomba radhi na kujieleza, na Mnunuzi alikuwa akishuka kwa fahari, limau mkononi, kutazama lori lake likipimwa kama mzazi anayetazama mtoto akipanda jukwaani. Nilimcheka sana kwa hilo. Baadaye nikagundua malori yangu yanafika na kurudi haraka kuliko ya wenzangu, maana hayakuzuiliwa popote. Nikaanza kuwaambia watu ni mbinu yangu.

Sasa niseme la aibu, maana nikiliruka hili nitakuwa nimemchora nusu.

Kuna mwaka alikuwa mgonjwa huko kwao, mvua yetu ikakataa kukatika wakati wa kuvuna. Mahindi yalitoka shambani yakiwa na maji. Sikuwa na mashine wakati huo, nilikuwa na maturubai na jua, na jua lilikuwa limepotea. Akanipigia simu. Sauti ilikuwa nyembamba. "Bwana Kitale, sitaweza kuja. Pakia wewe. Nakuamini."

Hajawahi kuniambia neno hilo kabla wala baada. Na mimi nilifanya kile ambacho kila mtu wa mahindi wa Trans-Nzoia anajua kinavyofanywa: makavu nje, mabichi katikati ya lori. Nilijiambia ni siku chache tu, upepo wa njiani utayakausha. Lakini turubai halikaushi, jamani. Turubai linapika. Lori lilikaa njiani zaidi ya nilivyodhani, na yale ya katikati yakavimba, yakapata joto, mengine yakaanza kuota ndani ya gunia.

Hakunipigia simu. Nilingoja matusi mwezi, miezi miwili. Hakuna. Msimu uliofuata alifika kama kawaida, saa mbili mikononi, limau mfukoni. Akaenda moja kwa moja jikoni kwa Mama Nafula na mfuko mdogo wa unga. "Shemeji, nimekuja na unga wa kwetu. Tupikie leo."

Mke wangu akapika. Tukaketi. Ndiyo, siku hiyo aliketi. Ugali ulikuwa na rangi ya maji ya kufulia, na tonge la kwanza lilipofika kooni lilikuwa chungu kama mwarobaini. Nilimtazama. Alikuwa anakula. Tonge, mboga, tonge, macho kwenye sahani. Mama Nafula alionja akaweka chini, akanitazama mimi, maana alikuwepo siku ya kupakia. Mimi nilikula. Ningefanya nini? Nilikula mpaka sahani ikaisha, na jasho lilinitoka kama niko kwenye mkokoteni tena.

Alipomaliza akanawa. Akasema, "Shule moja ya bweni ilinunua huu. Watoto walikula siku nne, kisha wakamwaga sufuria mlangoni kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaja dukani kwangu na sufuria." Akajifuta mikono. "Haya, tukaone mahindi ya mwaka huu."

Hilo tu. Hakulitaja tena mpaka leo. Mwaka huo huo nilianza kutafuta mashine ya kukausha. Watu wakiniuliza huwa nasema niliona mbele kuliko wenzangu, na si uongo, ila niliona mbele kwa sababu ya kile kilichopita kooni.

Nilipojenga Moi's Bridge, wenzangu walinicheka. "Umemjengea Mrundi nyumba, na hata hajakuomba!" Nikawaambia subirini. Na kweli misimu ile iliyofuata ilikuwa mizuri, malori yaliondoka makavu na mepesi, Mnunuzi akipiga hesabu za siku zake za njiani na kupumua kama kawaida. Kisha habari zikaanza kuingia kidogo kidogo, kwanza kwa madereva, baadaye kwenye redio: reli inalazwa kutoka upande wa Tanzania kwenda kwao. Kusini. Mbwa wa jirani sasa alikuwa amekata mnyororo.

Sijui kukueleza nilivyokuwa msimu ule. Nilikwenda Moi's Bridge asubuhi, nikarudi Kitale, nikakumbuka sijaangalia kitu, nikarudi tena. Niliwasha mashine bila mahindi ili nisikie tu inanguruma. Nilimpigia Mnunuzi simu, ikaita, haikushikwa. Mama Nafula akaniambia, "Baba Nafula, utatoboa hiyo sakafu." Wakulima wakaniuliza kama ninanunua, na mimi, ambaye huwa natangaza kwa sauti mpaka ng'ambo ya mto Nzoia isikie, nikawaambia wangoje kidogo. Stoo kubwa tupu ina mwangwi. Ukikohoa, inakukoholea.

Kisha Jumatano moja simu ikalia, naye ndiye. Yuko Bungoma, hotelini karibu na Kanduyi. Nije. Sikumuuliza kwa nini hakufika Kitale. Niliendesha mwenyewe.

Nilimkuta ameketi, na hilo lilinitisha kuliko reli. Magoti yalikuwa yamevimba ndani ya ile suruali ya pasi, fimbo iko kando. Sikumpa nafasi. Nikaanza kumwaga: mashine nimeiongezea feni, mahindi ya mwaka huu hayajawahi kuonekana, bei tutaelewana, malori yako tayari kesho.

"Bwana Kitale," akasema. "Mwaka huu sinunui."

Nikasimama. Nikaketi. "Ni hiyo reli?"

"Reli bado ni tuta la udongo. Ni magoti. Nimeacha biashara, nimewaachia wanangu na wenzao. Wao ndio wanunuzi sasa. Lakini wao wakilitazama lile tuta la udongo wanaona treni tayari."

"Mzee, nimekujengea stoo!"

"Hukunijengea mimi. Ulijijengea, na ulijenga vizuri."

"Sasa waambie! Waambie mahindi yangu ni mazuri!"

"Nimewaambia. Nikasema Kitale kuna mtu mkubwa. Wakaniuliza, mkubwa huyo, mbona hatujawahi kumwona? Watu wa kusini wamekuja mara tatu. Wamekaa nao, wamekula nao. Ijumaa wanakutana nao tena, na wakikutana bila wewe watatia sahihi mkataba wa mahindi yote." Akanitazama. "Miaka yote hii hujawahi kuja kwangu."

Nikacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kweli. Nikaanza kusema nilishafika, ila wakati huo yeye hakuwepo.

"Ndiyo, uliniambia mwaka wa kwanza. Ulisema ulifika Bujumbura, na baridi ikakushika mpaka ukanunua koti." Akatikisa kichwa. "Bujumbura, bwana! Sisi tunalala bila shuka."

Zaidi ya miaka kumi alijua, na hakuwahi kuniaibisha mbele ya mtu. Ukweli ni kwamba sijawahi kupita Malaba. Mimi ninayewaeleza watu Kampala kuko vipi, Kigali kuko vipi, nilisimuliwa na madereva wangu. Malori yangu yamevuka mipaka mingi, mimi nimeishia pale kwenye geti nikiwapungia mkono. Si woga wa watu. Ni karatasi. Kitale benki wananijua, binti yangu Nafula ananijazia kila fomu, mimi naweka sahihi yenye mkia mrefu. Pale dirishani mpakani uko peke yako na kalamu, na nyuma yako kuna foleni inayokohoa.

"Gari langu linaondoka leo mchana," akasema Mnunuzi. "Hii ndiyo safari yangu ya mwisho huku. Kiti kiko."

Nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye lami na kurudi, mara mbili, mara tatu. Wauza matunda waliniona. Kisha nikampigia Mama Nafula anitumie kitambulisho na shati, na kilo mbili za mahindi ya juu kabisa kwenye mfuko safi, kwa gari la kwanza linaloteremka Bungoma. Hakuuliza naenda wapi. Akasema, "Hatimaye."

Nisikuchoshe na mwisho wa biashara: Ijumaa ile walinipa nusu. Nusu kwangu, nusu kusini, hivyo hivyo ambavyo mzee mwenyewe angegawa, na Moi's Bridge inajaa nusu, na bado naizunguka. Yeye yuko nyumbani kwake kando ya ziwa, haji tena. Lakini nikimkumbuka simkumbuki Ijumaa. Namkumbuka alasiri ile ya Jumatano Malaba.

Siku hizi pale Mkenya na Mganda wamekaa jengo moja, bega kwa bega, karatasi inatoka mkono huu inaingia ule. Mnunuzi aliingia na fimbo yake akatazama madirisha yale mawili yaliyo pamoja, akanong'ona, "Haya ndiyo tuliyoyaomba sisi wadogo." Karani akanisukumia fomu ya pasi ya muda ya kusafiria. Mistari mingi. Kizungu kizito. Nikaishika kalamu, mimi niliyeinua magunia elfu, na mstari wa kwanza ukanishinda.

Mzee alisimama kando yangu akiegemea fimbo, na hakuichukua ile kalamu.

Nikasema, "Mzee, nisomee."

Akanisomea. Kwa sauti ya chini, swali kwa swali, kidole chake kikinionyesha mahali, na mimi nikaandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, moja moja, kama mtu anayepanga magunia. Foleni ilikohoa. Tukaiacha ikohoe. Tulipofika kwenye kazi, nilikuwa na mengi ya kuandika, malori, stoo, mashine, lakini nafasi ilikuwa ndogo. Nikaandika MAHINDI.

Karani akaisoma, akainua uso. Msichana mdogo, angeweza kuwa Nafula wangu.

"Mzee, mahindi ni kazi?"

"Ni kazi."

"Na Burundi unaenda kufanya nini?"

Nikamtazama Mnunuzi. Alikuwa ameangalia pembeni, kwenye lami, ambako malori yalikuwa yakipita moja moja kuelekea Uganda.

"Kuna watu huko wamekula mahindi yangu zaidi ya miaka kumi," nikasema. "Sijawahi kuwauliza yalikuwaje."

Akagonga muhuri, akanirudishia karatasi. "Haya, nenda ukaulize."